Barua ya Supu ya Mei

Nyumba ya Mei hapo Malindi haikauki watu. Majirani huja kuonja supu yake ya tambi, na kupashana habari: nani kaposwa, nani kanuniwa na mawifi. Mei na mumewe, Lin, walitoka Uchina mwaka 1983. Kiswahili Mei alikiokota jikoni humo humo. Kiingereza ndicho kilichomtoa jasho.

Wiki moja hoteli ya ufukweni, mteja wao mkubwa wa supu, iliwaandikia kwamba supu ina chumvi mno. Wasipoirekebisha, wasilete tena.

Lin alifungua kamusi, akaandika jibu. Mei akampa barua zote mbili Fatu, mpiga chapa wa ofisi moja mjini, aliyekuwa akila hapo, aichape ile ya Lin. Fatu akasoma, akacheka hata mtandio ukamdondoka. Lin alikuwa ameandika: "Our soup is considerably good."

Mei akaeleza kwamba kwao lipo neno moja la kukoleza, nalo huitangulia sifa yoyote. Kamusi ilisema Kiingereza chake ndicho hicho.

"Shoga, supu nzuri sana ni 'very good', basi," alisema Fatu. "'Considerably' ni neno la barua za ofisi. Hukaa na kitu kilichobadilika, kimepungua au kimezidi, au kikubwa kuliko kingine. Haya, chumvi mmeipunguza kiasi gani?"

Mei akamtazama Lin. Lin akaitazama sufuria. Hawakuwa wamepunguza hata chembe.

"Basi nikiandika mmepunguza, nitakuwa nachapa uongo," alisema Fatu.

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Lin pamoja nao. Kisha wakaanza kazi. Vijiko vitano vya chumvi vikawa vinne, halafu vitatu. Kila mara majirani wakaonja na kubishana. Vilipofika viwili, wakaacha ubishi wakala.

Ndipo Fatu akachapa: "We have considerably reduced the salt." Yaani, tumepunguza chumvi kwa kiasi kikubwa. Chini yake akaweka vipimo, cha zamani na cha sasa.

Mei aliipeleka barua mwenyewe, pamoja na supu. Thoya, mpishi mkuu wa hoteli, akasoma, akaonja, akaonja tena.

"Mama, hapa mmepunguza kweli," alisema. "Jumamosi niletee sufuria mbili."

Mei akarudi mbio na habari zake. Akakuta sebule imejaa, na supu iliyobaki imekombwa yote. Akajifunga kanga kiunoni, akawasha jiko upya.