Karavani Iliyoitikia Hodi

Hodi aliipiga kwa mzaha tu. Laban alikuwa amesimama mbele ya karavani kuukuu ya kukokotwa, katika yadi ya magari mabovu mtaani Al-Mahjar, Jeddah, jua la adhuhuri likimchoma utosi. Mtu aliyelelewa Vihiga akafundishwa adabu haingii mlango asioujua kimyakimya, hata kama mlango wenyewe umeliwa na kutu. Akagonga bati mara mbili.

“Hodi wenyewe!”

“Karibu,” ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani.

Laban akageuka akicheka. Nyuma yake Timothy, mlinzi wa yadi na Mkenya mwenzake, alikuwa bado anatafuta ufunguo.

“Bana, umeficha bibi huku?”

Timothy hakucheka. “Hii kitu imekuwa na kufuli tangu nije hapa. Miaka mitatu. Nani ameongea?”

Kufuli lilifunguka kwa shida, na Laban akaingia. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na makochi ya rangi ya haradali yaliyotafunwa na panya, meza ya kukunja, na juu ya meza gilasi moja ya chai yenye kijiko. Chai ilikuwa bado inazunguka.

Mwingine angetoka mbio, na mimi ningekuwa mbele yake. Laban hakuwa na nafasi hiyo. Bosi wake wa Riyadh, Abu Turki, alikuwa ameinunua karavani kwa kuiona kwenye simu tu, akitaka itengenezwe iwe mpya kabla ya majira ya baridi, wakati watu wa kule wanapohamia jangwani kupiga kambi. Masharti yake yalikuwa mafupi: “Karavani halas, wewe safari. Karavani mafi halas, mafi safari,” yaani ikiisha unakwenda, isipoisha huendi. Kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, ndiye mwenye kukuruhusu kutoka nchini, na Laban alikuwa na miaka mitano hajaona kwao. Alimwacha mkewe Roselyne akiwa mjamzito. Binti aliyezaliwa, Shirleen, alimjua baba kwenye simu tu, na kila Ijumaa walikuwa na mchezo wao: Laban anasema hodi, mtoto anapiga kelele, “Karibu!” Mtoto alifundishwa na bibi yake kwamba mgeni haachwi mlangoni.

Basi akaikokota hadi Riyadh, akaiegesha uani kwa bosi, akaanza kazi. Aling’oa sakafu iliyooza, akapiga msasa kutu, akabadilisha mipira ya madirisha. Ile gilasi aliitupa kwenye pipa la taka. Siku ya pili aliikuta mezani. Akaitupa tena. Ilipofika adhuhuri, nyumba nzima ikiwa imelala kwa joto, alisikia kijiko kikikoroga polepole, kling, kling, kling, na harufu ya iliki iliyoungua ikajaa kote.

Mwanasha, mpishi wa nyumba ile, mtu wa Kwale, alikuwa akimletea chakula. Wiki ya pili aliacha kusogea karibu. Aliiweka sahani chini, mbali, akaita kwa sauti ya kunong’ona.

“Kaka Laban, uko na nani humo?”

“Niko pekee yangu.”

“Mbona nasikia mnakunywa chai?”

Laban aliogopa, tena sana, lakini kila alipoogopa alimkumbuka Shirleen akaokota brashi. Hata siku ile alipokuwa akipaka rangi dari, mlango ukajifunga taratibu kama unaofungwa na mtu mwenye heshima zake, na harufu ya iliki ikampanda puani, na kijiko kikaanza kukoroga nyuma ya mgongo wake, na yeye akawa hathubutu kugeuka, akaendelea kupaka mahali pale pale palipokwisha kupakwa, mpaka mkono ukafa ganzi na ikambidi ageuke, akaliona kochi jipya alilolishona mwenyewe likibonyea upande mmoja, polepole, kama linavyobonyea mtu mnene anapokaa, na ile gilasi ikasukumwa mezani kuja upande wake.

Mwishowe madam, mke wa bosi, naye akasikia. Abu Turki akaleta sheikh mwenye kusoma kisomo. Sheikh alisoma tangu alasiri hadi magharibi, akanyunyiza maji kila pembe, na karavani ikatikisika mara moja kisha ikatulia kabisa. Siku ya tatu bosi akazunguka akiikagua kazi, akaridhika, akampa Laban ruhusa yake. “Halas. Yalla, nyumbani.”

Laban alilia kwa furaha. Alikuwa chumbani kwake karibu na geti, anakunja mashati, aliposikia kling, kling, kling kutoka kwenye kikombe chake mwenyewe.

Alimkimbilia Mwanasha jikoni.

“Siku ya kwanza ulipiga hodi?” Mwanasha akauliza.

“Nilipiga. Nikaambiwa karibu.”

“Ukaingia?”

“Niliingia.”

Mwanasha akazima jiko. “Basi wewe ni mgeni wake. Sheikh amemtoa kwake, sasa hana pa kukaa. Unadhani atamfuata nani? Sikiza, kaka. Huku nyote ni wageni, anakufuata tu, lakini nyumbani kwako haingii pasipo kukaribishwa. Siku ukifika kwenu, mtu asitamke karibu. Hata mmoja.”

Usiniulize kwa nini hakubaki Riyadh. Miaka mitano ni mingi. Alimpigia Roselyne akambembeleza, na Roselyne akakasirika: “Aki, nikupokee kimya kama mwizi? Umeokoka ama umerogwa?” Lakini alimsikia analia, akakubali. Shirleen angepelekwa kwa bibi yake, ng’ambo ya shamba, mpaka jioni.

Kwenye ndege harufu ya iliki ilikuwa kiti cha nyuma.

Alifika saa tisa mchana. Roselyne akafungua mlango, kiganja mdomoni, machozi yakimtiririka, hakusema neno. Laban akaingia, akafunga mlango. Wakasimama wameshikana. Hakukuwa na harufu. Hakukuwa na kijiko. Laban akaanza kucheka kwa sauti ndogo.

“Hodi wenyewe,” ikaita sauti ya mwanamke nje.

Roselyne alitaka kuitikia kwa mazoea, Laban akamziba mdomo. Wakangoja. Hodi ikapigwa mara ya pili, kwa upole. Wakazidi kunyamaza.

Ndipo wakasikia vijiguu vikija mbio kutoka upande wa shamba, kwa maana mtoto gani angetulia kwa bibi siku baba yake anakuja?

“Shirleen!” Laban akapiga yowe. “Usiseme!”

“Karibu!” mtoto akasema nje, kwa ile sauti ya kila Ijumaa. “Karibu ndani!”

Mlango ukafunguka. Shirleen akaingia akitabasamu, mkono mmoja ameuinua juu, kama mtoto anayeongozwa na mtu mzima. Kando yake hapakuwa na mtu.

“Baba,” akasema, “mgeni wako anataka chai.”