Vitone Kwenye Barabara ya Bwawa

Mume wangu Gaute alikuwa na kiti chake dirishani. Asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, alikaa hapo na kikombe cha kahawa akitazama barabara. Gari likipita, alisema ni la nani. Asipolijua, kahawa yake ilipoa.

"Huyo anakwenda wapi saa hizi?" aliuliza.

"Anakwenda anakokwenda, Gaute."

"Mtu haendi tu, Ingunn. Kila mtu ana lake."

Bonde letu la Skardal ni dogo. Mashamba yako ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto, kwa hiyo kila nyumba inaiona nyumba nyingine. Watoto wetu hujua kuteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, kabla ya kujua kusoma. Na wote huambiwa neno moja: mashindano ni ya majira ya baridi, lakini miguu hutengenezwa kiangazi. Ndiyo maana theluji ikiyeyuka hawakai bure. Hukimbia kwenye vinamasi. Hupanda vilima wakiwa na fimbo mikononi. Na kwenye lami hutumia skii za magurudumu, fupi, zenye gurudumu moja mbele na moja nyuma, wakijisukuma kwa fimbo zenye ncha za chuma.

Binti yetu Sunniva alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wa klabu yao ya skii alikuwa jirani yetu Borghild Moen, muuguzi wa shule. Kazi ya klabu aliifanya bila malipo, kama kila mzazi anavyofanya lake.

Siku moja ya Julai Sunniva alirudi kutoka mazoezini akicheka.

"Toa ulimi," baba yake alisema.

Sunniva alitoa ulimi. Ulikuwa wa buluu.

"Beri! Yaani mazoezi ya Borghild siku hizi ni kula beri?"

"Tulipanda kilima kwanza, Baba. Halafu tukala."

"Mlipanda mbio?"

"Tulitembea. Mwalimu anataka kila mtu asimulie hadithi akipanda. Ukishindwa kuongea, unapunguza mwendo."

"Hadithi! Na Oddny naye alisimulia?"

"Ndiyo. Habari za paka wao."

Gaute alinigeukia. "Umesikia? Binti wa Torleiv Nordgard anasimulia habari za paka mbele ya watu. Na nyuma ya watu je?"

Oddny, wa shamba la ng'ambo ya mto, alikuwa na umri sawa na Sunniva. Majira ya baridi yaliyopita alimpita Sunniva kwenye kilima cha mwisho, watu wote wakiona. Na majira yaliyokuwa yanakuja, mkoa ungechagua vijana wa timu yake. Sunniva aliitaka nafasi hiyo sana. Baba yake aliitaka zaidi.

Siku chache baadaye Gaute alikwenda kutazama ndama upande wa bwawa. Alirudi haraka, akanishika mkono.

"Njoo uone kitu."

Barabara ya bwawa hupita nyuma ya kilima chetu. Magari ni machache huko. Gaute alichuchumaa akagusa lami kwa kidole. Kulikuwa na vitone vidogo vyeupe, viwili viwili, kushoto na kulia, kana kwamba mtu ameishona lami kwa sindano.

"Ncha za fimbo," alisema. "Mtu anafanya mazoezi hapa, mahali asipoonekana. Na ni vipya. Tazama, havina hata vumbi."

"Huenda ni mtalii."

"Mtalii hupanda mara moja, akachoka, akapiga picha. Huyu amepanda na kushuka, kapanda na kushuka. Ni Oddny huyu. Torleiv anamleta kwa siri."

Jumamosi tulikutana na Torleiv dukani, kwenye viazi.

"Torleiv! Oddny hajambo?" Gaute aliuliza.

"Hajambo kidogo. Mafua tu. Na Sunniva?"

"Anapumzika. Kiangazi ni cha kupumzika, bwana."

"Kweli kabisa. Hata sisi tunapumzika."

Walitabasamu kama watu wawili wanaouziana farasi mgonjwa.

Ndani ya gari Gaute hakuweza kunyamaza. "Umemsikia? 'Mafua tu.' Hata machoni hakunitazama."

"Wewe ulimtazama?"

"Mimi nilikuwa nachagua viazi."

Siku hiyo hiyo alifunga kamba kwenye tairi kuukuu. Ncha ya pili akaifunga kwenye mkanda mpana. Sunniva aliuvaa mkanda kiunoni akalivuta tairi kupanda mteremko ulio nyuma ya ghala, mahali pasipoonekana kutoka barabarani.

"Kwa nini huku nyuma?" nilimuuliza Gaute. "Ni siri?"

"Si siri. Ni faragha."

Tangu hapo Sunniva alivuta tairi kila siku, hata siku alizotoka mazoezini kwa Borghild. Gaute alihesabu kwa sauti. Sunniva hakulalamika. Hilo ndilo lilianza kunitia wasiwasi.

Sunniva alikuwa mtoto wa maneno. Aliongea na ng'ombe, aliongea na sufuria. Sasa alikaa mezani kimya. Mikono yake ilikuwa baridi, na jua nje linawaka. Alikula nusu ya viazi, samaki akamsukuma kando.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, Mama. Kwani lazima unihesabie vijiko?"

Hakuwa na ulimi wa namna hiyo zamani.

Kisha nikaona viatu. Kila nilipoamka, viatu vyake vya mazoezi vilikuwa vimelowa umande mlangoni. Nikawaza: kuna mvulana. Nikawaza tena: kuna sigara. Nilinusa koti lake, halikunuka kitu. Mwishowe nikamuuliza.

"Umeamkia wapi leo?"

"Kuchuma beri."

"Ziko wapi?"

"Nimezila."

Alipokuwa akiongea niliutazama ulimi wake. Haukuwa wa buluu.

Basi nyumba yetu ikawa hivyo. Gaute alimchunguza Torleiv, mimi nilimchunguza Sunniva, na Sunniva alituchunguza sisi wote. Na vitone kwenye barabara ya bwawa viliongezeka.

Wakati wa kukata nyasi Borghild alikuja, mchana, bila kualikwa. Nilimimina kahawa. Nikakata mkate na jibini la kahawia. Sunniva alikaa mwisho wa meza.

"Nimekuja kwa sababu ya hadithi," Borghild alisema. "Sunniva hasimulii tena. Jana nilimwambia atuambie chochote kile, hata jina la ng'ombe wenu. Alisema 'Stjerna' akahema. Na ule ulikuwa mwendo wa bibi kizee."

Gaute aliweka kikombe chini. "Labda hana cha kusimulia. Labda anajua kwamba wengine wanasimulia kwako, kisha wanakwenda kujifua kwingine."

"Wengine gani?"

"Usinifanye mtoto, Borghild. Vitone vya barabara ya bwawa nimeviona. Nani anamfundisha Oddny kule? Ni wewe?"

"Oddny?" Borghild alishangaa. "Oddny yuko kitandani. Mafua yanaondoka, yanarudi, na sasa ana homa. Hajashika fimbo tangu mlipoanza kukata nyasi. Nimetoka kwao sasa hivi."

"Na vitone vya jana? Nani kaviweka?"

Nje mashine ya nyasi ya jirani ilinguruma, ikanyamaza.

"Ni mimi, Baba," Sunniva alisema.

"Wewe?"

"Asubuhi, kabla hamjaamka."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, lami ilipokauka. Ulisema hapa mezani kwamba akina Nordgard hawalali, wanajifua kwa siri. Nikaogopa. Halafu ulipoviona vitone nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa umeshafunga tairi. Ulikuwa na furaha. Nikaona haya."

Nilimwona Gaute akipanga siku kichwani: bwawa asubuhi, Borghild mchana, tairi baada ya hapo.

"Kumbe nilikuwa nafuata nyayo za mtoto wangu mwenyewe," alisema.

Borghild hakumcheka wala hakumlaumu. Alimwuliza Sunniva, "Kuna mahali panauma?"

"Mguu. Kidogo tu."

"Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Sunniva aliweka kidole kwenye mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo. Alipagusa, akakunja uso.

"Panauma hata ukitembea?"

"Siku hizi hata nikilala."

Borghild alitikisa kichwa polepole. "Gaute, nenda kaangalie ng'ombe."

"Ng'ombe wako sawa."

"Kawaangalie tena."

Alipotoka, Borghild aliuliza kwa sauti ya chini kama Sunniva anapata siku zake. Sunniva aliinamisha kichwa. Alisema hedhi ilikoma tangu majira ya kuchipua.

"Nilisikia kwa wanamichezo ni kawaida," alisema. "Nikafikiri ni dalili kwamba mwili umekuwa imara."

"Wengi hufikiri hivyo, mwanangu. Si kweli. Mwili unapofanya kazi kubwa na kupata chakula kidogo, huanza kuzima taa, chumba kimoja kimoja. Unazima hedhi. Unazima joto la mikono. Unazima kicheko. Mwisho mifupa nayo inakosa matengenezo. Msichana akikosa siku zake miezi mitatu, asingoje. Aseme kwa mama, kwa muuguzi, kwa daktari. Si aibu."

Gaute alirudi. Hakuwa amefika hata mlango wa zizi.

"Basi nifundishe na mimi," alisema. "Nilidhani anayefanya zaidi ndiye anayepata zaidi."

"Hapana. Mazoezi yanabomoa kidogo. Usingizi na chakula ndivyo vinavyojenga tena, na vinajenga imara zaidi ya mwanzo. Ukibomoa kila siku asubuhi, mchana na jioni, fundi atajenga saa ngapi?"

"Na hizo hadithi zako?"

"Hizo ndizo kipimo changu. Mtoto akiweza kusimulia akipanda, mwendo unamfaa. Siku nyingi za kiangazi ziwe hivyo. Siku moja au mbili kwa wiki ziwe ngumu, na siku moja apumzike kabisa. Na maumivu ya kidole kimoja kwenye mfupa si uchovu. Mtoto asimame siku hiyo hiyo, aende kwa daktari."

Kesho yake tulimpeleka. Picha ilionyesha mfupa umeanza kupata ufa. Daktari alisema kama angeendelea kuvuta tairi, ungevunjika. Sunniva alilia kwenye gari.

"Sasa Oddny atachukua nafasi," alisema.

"Aichukue," baba yake alisema. "Mimi nachukua mguu wako."

Gaute mwenyewe alivuka mto kwenda kwa Torleiv. Alikaa huko muda mrefu, nikaanza kushuku wanapigana. Aliporudi alikuwa na uso wa ajabu.

"Nimemwambia yote. Unajua alifanya nini? Alinipeleka nyuma ya ghala lake."

"Kuna nini huko?"

"Tairi. Kubwa kuliko letu. La trekta!"

Tulicheka mpaka Sunniva akashuka kuuliza kuna nini. Na yeye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ulimi wa buluu.

Tulibadilisha mambo. Sunniva alipumzika kama daktari alivyosema, kisha akaanza taratibu, kwanza kuogelea ziwani, baadaye baiskeli. Nilimwekea uji wa maziwa asubuhi na chakula kingine mara tu atokapo mazoezini, na sikuhesabu vijiko. Majani yalipogeuka manjano hedhi ilirudi. Matairi yote mawili yalipelekwa kwenye uwanja wa watoto wadogo, yakawa bembea.

Gaute naye alianza kupanda kilima na kundi la Borghild. Sharti lilikuwa lile lile: naye asimulie. Alikuwa na hadithi moja, ya mbuzi wa mjomba wake. Mbuzi alipanda juu ya paa la nyasi siku mchungaji wa kanisa alipokuja kula. Watu walipiga kelele, wakaleta ngazi, wakaleta kamba. Lakini kwenye kona yenye mti wa mbetula, mbuzi akiwa ameingiza kichwa kwenye bomba la moshi, Gaute aliishiwa pumzi.

"Malizia, Baba!"

"Kesho," alihema.

"Punguza mwendo, Gaute!" Borghild aliita. Watoto walipiga makofi.

Majira yale ya baridi Sunniva hakuchaguliwa. Oddny pia hakuchaguliwa. Majira yaliyofuata walichaguliwa wote wawili. Siku ya mashindano Sunniva alikipanda kilima cha mwisho akiwa na nguvu, akavuka mstari, na kabla hajavua skii alikuwa ameshaanza kuongea.

Gaute hayupo tena. Kiti chake bado kiko dirishani, na gari likipita mimi ndiye ninayeuliza ni la nani. Sunniva ndiye mwalimu wa klabu sasa. Kiangazi kilichopita nilipanda pamoja nao. Kwenye kona ya mbetula mtoto mmoja alianza kuhema, na Sunniva akatembea polepole zaidi, mpaka wote wakawa karibu naye. Akasimulia habari za mbuzi.

"Na mwisho wake?" nilimuuliza. "Baba yako hakuwahi kufika mwisho."

"Alifika. Siku moja tulipanda wawili, taratibu kabisa, akaniambia."

"Ikawaje?"

"Walichoka kupiga kelele, Mama. Wakaingia ndani kula. Na mbuzi alipoona ameachwa, akashuka mwenyewe."

"Basi?"

"Basi."

Watoto walicheka. Tulikuwa tumefika juu. Chini niliiona barabara ya bwawa, imewekwa lami mpya, nyeusi, haina kitone hata kimoja.