Rangi Bado Mbichi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka la vitambaa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu walivuta majora, wakabishania rangi, wakakanyagana miguu na kuombana radhi bila kutazamana. Nyuma ya kaunta alisimama msichana mwenye gauni la kijani lililombana kiunoni, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni kama mkufu, pini zimepangwa kwenye ukosi. Wenzake walimwita Mkasi, kwanza kwa kazi yake, pili kwa ulimi wake.

Mwanamume mrefu akajipenyeza hadi mbele. Shati lake liliwahi kuwa jeupe. Sasa lilikuwa na bluu kwenye kiwiko na nyekundu kifuani.

"Dada, naomba merikani nyeupe, ile nzito. Mita kumi na mbili."

Mkasi alishusha sauti. Kitambaa kile kisicho na ua wala mstari, watu hawakinunui kwa wingi namna hiyo ila kwa jambo moja.

"Pole sana, kaka. Nani wako?"

"Nani wangu vipi?"

"Marehemu."

Yule mtu aligeuka nyuma, akidhani anaambiwa mwingine. "Hakuna aliyekufa, dada. Mimi ni mchoraji. Naiwamba kwenye mbao, halafu nachora juu yake."

"Na mimi nimeshaanza kukulilia. Basi nirudishie pole yangu."

"Siirudishi. Naiweka akiba."

"Haya, Bwana Sanda, sogea pembeni. Wenye nguo za harusi wapite."

Duka zima lilicheka, na jina likashika. Wiki iliyofuata Bwana Sanda alirudi kununua mita moja. Iliyofuata, nusu mita.

"Mchoraji gani wewe anayechora leso?" Mkasi akamuuliza.

"Anayetafuta namba ya simu."

Akapewa. Tangu hapo simu ikawa ndiyo chumvi ya siku zao.

"Umekula, Bwana Sanda?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai hailiwi, roho yangu, inanywewa. Shuka chini, nimesimama hapa na sahani, fundi wa matairi anaitazama kwa macho mabaya."

Bwana Sanda alikaa chumba cha ghorofani juu ya karakana ya matairi. Ukipanda ngazi, pua ilipokea kwanza mpira uliochomwa, kisha tapentaini. Picha zilisimama kila mahali, zingine zimeelekezwa ukutani kama watoto walioadhibiwa. Hiyo ilikuwa tabia yake. Picha ambayo haijakwisha aliigeuzia ukuta, hata mwenyewe asiione.

Siku moja Mkasi aliona juu ya meza karatasi yenye stika ndogo nyekundu, duara, mfano wa punje za mtama.

"Hizi nini? Dawa?"

"Zimetoka ng'ambo, kwenye yale maonyesho ya mwaka jana tuliyoshiriki wachoraji wengi. Picha ikibandikwa hii, ujue imeuzwa. Hakuna anayeuliza bei tena." Akabandua moja, akaiweka nyuma ya mkono wa Mkasi. "Wewe umeshauzwa."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu asiye na kitu."

"Angalia basi. Stika inabanduka."

Walicheka. Lakini Mkasi alirudi nayo nyumbani mkononi, na alipoosha vyombo jioni ile aliosha kwa mkono mmoja.

Nyumbani alikuwa na mama yake. Moyo wa yule mama ulikuwa umechoka na miguu ilikuwa imevimba. Alilala ameegemea mito mitatu karibu na dirisha, kwa kuwa akilala chali pumzi ilimkimbia. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa mzaha, na hakuona kwamba kimoja kinakikataza kingine. Alipokuwa akicheka alibana midomo upande mmoja kuficha pengo.

Bwana Sanda alipokwenda kumwamkia, mama alimtazama kuanzia viatu.

"Ndiye huyu mpaka rangi?"

"Ndiye, mama," Mkasi alijibu.

"Mwanangu, sina picha duniani ila ile ya kitambulisho, na humo nimetoka kama mwizi wa kuku. Nichore, watu wakinikumbuka waikumbuke hiyo."

"Nitakuchora, mama."

"Lakini usiniuze. Mimi si mbuzi."

"Sitakuuza."

"Sema mbele ya huyu."

Akasema mbele ya Mkasi. Alasiri nyingi alikuja na brashi zake akaketi miguuni pa kitanda. Mkono wa mama juu ya shuka ukatokea, mito ikatokea, macho yake yanayotazama mlango yakatokea. Kila jioni mama aliomba aonyeshwe.

"Bado mbichi, mama. Rangi ya mafuta haipendi haraka."

"Hata mkate mbichi watu huutazama."

"Ikikauka utaiona."

Ukweli, rangi ilikuwa inakauka vizuri tu. Kilichomshinda ni mdomo. Kila alipochora kile kicheko kilichobanwa, kilitoka kama maumivu, naye aliona haya kumwonyesha mgonjwa maumivu yake mwenyewe. Basi kila jioni aliigeuzia picha ukuta, na mama akalala akitazama mgongo wake wa mbao.

Ndipo simu ikaja kutoka ng'ambo. Wakala wake, mwanamke aliyemwona kwenye yale maonyesho ya kwanza, alikuwa amempatia ukumbi mzima, wa peke yake. Bwana Sanda alimtumia picha za kazi zake zote. Wakala akajibu kuhusu moja tu: mama wa dirishani awepo, bila yeye hakuna ukumbi.

Bwana Sanda alikuja akakaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akaeleza.

"Kuonyeshwa tu," alisema. "Haiuzwi. Wiki tatu nimerudi."

"Asiione kwanza?" Mkasi aliuliza.

"Mdomo bado. Nikirudi nitaumaliza, ataiona imekamilika."

Mama alikuwa amefumba macho, wakadhani amesinzia. "Ichukue," alisema. "Iende ikatembee. Mimi miguu imekataa. Ila nirudishwe."

Akaondoka na picha ndani ya sanduku la mbao, na Mkasi akamsindikiza hadi kwenye teksi. "Ukichelewa nitamkatia mtu mwingine merikani," alimwambia. Yeye akambusu nyuma ya mkono, pale pale pa stika.

Ng'ambo mambo yalimnyookea. Watu wenye makoti marefu walisimama mbele ya picha zake kimya, kisha wakapiga makofi. Wiki tatu zilipokwisha alipiga simu, sauti juu.

"Kipenzi, wameongeza mji mwingine."

"Hongera. Mama anauliza kama amekauka."

"Mwambie karibu."

Baada ya mji huo ukaja wa tatu. Simu zikawa fupi, daima kuna mtu anamwita nyuma. Kwa mama, miguu ilishuka uvimbe, na mwili wote ukashuka pamoja nayo.

"Mwambie huyo mkwe wangu," mama alisema, "mimi huku nimeshakauka. Yeye bado ananianika tu?"

Mkasi alicheka, akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda.

Kisha siku moja dukani dada wa vifungo, aliyeuza upande wa zipu na nyuzi, alimwinulia simu yake. "Mkasi, si shemeji huyu? Tazama alivyopendeza, koti kama la rais. Ngoja nikutumie."

Ilikuwa picha ya gazeti la ng'ambo. Bwana Sanda alisimama na tabasamu. Kando yake, mkubwa kuliko yeye, mama. Ndiyo mara ya kwanza Mkasi kuuona uso ule umechorwa. Na kwenye pembe ya fremu, chini, punje nyekundu.

Alitoka nje, akapiga simu kwenye kelele za barabara.

"Mpenzi, nilikuwa nataka..."

"Mama yangu umemuuza."

"Nani? Sikiliza, ile..."

Akakata. Akaifunga namba yake isiweze kuingia tena, sauti wala ujumbe. Mwenye hasira hupenda mlango ambao unaweza kufungwa kwa kidole kimoja.

"Bwana wako hajapiga leo?" mama aliuliza jioni ile, na nyingine nyingi.

"Simu yake mbovu, mama."

"Na mimi? Nimefika wapi?"

"Bado uko njiani."

Simu ya Mkasi ilikuwa mfukoni mwa gauni, na picha ile humo ndani, hatua mbili kutoka kwenye mito. Hakuitoa. Angeonaje mama uso wake bila kuona ile punje? Na punje ile mama angeiuliza, maana aliuliza kila kitu. Bora afe hajui ameuzwa, alijiambia, kisha akaomba toba kwa kulifikiri neno kufa.

Neno lilisikika hata hivyo. Mama alikwenda mchana, kikombe cha chai kando yake bado kina joto, macho yakitazama mlango.

Shangazi alikuja kuosha mwili. Mkasi alikwenda dukani kukata sanda mwenyewe, kutoka jora lile lile la merikani. Mkono wake uliokizoea kitambaa ulikata moja kwa moja. Nyumbani alibaki na kipande kilichozidi, asijue akiweke wapi.

Bwana Sanda alirudi mwezi uliofuata, bila taarifa, maana hapakuwa na namba ya kuipa taarifa. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi dukani, koti zito la nchi za baridi likimtoa jasho, sanduku la mbao begani. Watu walimpisha kwa kunung'unika.

"Mkasi."

"Foleni ipo, kaka."

"Nimepiga mpaka nimechoka. Mama hajambo?"

Mkasi mkononi mwake ulisimama katikati ya kitambaa. Dada wa vifungo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Shemeji, mama hatunaye."

Alishusha sanduku polepole sana, kama lina mtu.

"Ile pole uliyoiweka akiba," Mkasi alisema bila kuinua macho. "Itumie sasa."

Jioni alikwenda nyumbani. Shangazi alimfungulia, akaketi kitandani na kukunja mikono, kwa maana msichana hakuwa na mama tena wa kukaa naye. Bwana Sanda alifungua sanduku kwa kisu cha jikoni, akaisimamisha picha pale penye dirisha. Kisha shangazi akavuta pumzi.

"Huyo ndiye," alisema. "Anataka kucheka na hataki tumwone pengo."

Mkasi aliitazama pembe ya fremu. Punje ilikuwepo.

"Aliyemnunua amemrudisha kwa nini? Ana kasoro?"

"Hakuna aliyemnunua. Hiyo niliibandika mwenyewe, kabla milango haijafunguliwa, siku ya kwanza. Nilijua wataniuliza bei, na wakala angenisukuma. Ukibandika hiyo, hawaulizi."

Mkasi alikaa chini.

"Katika mji wa tatu mzee mmoja alitaka kumjua mnunuzi, amwongezee dau," aliendelea. "Wakala akatafuta kwenye karatasi zake, hakuna. Akasema nimemwaibisha. Niing'oe au nisimwone tena. Basi sitamwona tena, wala kumbi zake."

"Ungeniambia."

"Ulikata simu."

"Nilikata." Aliitoa simu mfukoni, akaigeuzageuza. "Nilikuwa naye humu. Kila jioni aliniuliza amefika wapi, nami nilikuwa naye humu. Nilimficha asijue ameuzwa."

Bwana Sanda alipaswa kunyamaza hapo, awe mwenye haki. Hakuweza. "Mji wa kwanza ulipokwisha ningeweza kurudi. Tiketi nilikuwa nayo. Nilipenda yale makofi. Nilijiambia mama atangoja, wazee wanajua kungoja."

"Alingoja," alisema shangazi.

Barabarani mtu alifunga duka, bati likalia. Hakuna kati yao aliyekuwa na jiwe la kumtupia mwenzake.

"Nilitaka nije nikupose kwake," Bwana Sanda alisema mwishowe. "Nimeyarudiarudia maneno kwenye ndege, jinsi atakavyonicheka. Sasa naongea na nani? Naongea na wewe. Nikuoe, Mkasi."

Mkasi alisogea mbele ya picha, akanyoosha kidole hadi kwenye midomo ile iliyobanwa, akaigusa kama mtu anavyogusa paji la mgonjwa. Alipoondoa mkono, ncha ya kidole ilikuwa na rangi nyekundu ya udongo.

"Bado mbichi," alisema.

"Mdomo nimeumaliza wiki hii, hotelini. Nilikumbuka alivyoniuliza kama ndiye mimi mpaka rangi. Ukatoka wenyewe."

Mkasi alikitazama kidole chake. Hakukifuta kwenye gauni, wala kwenye kile kipande cha merikani kilichokunjwa juu ya mto.

"Basi ikikauka, uniulize tena," alisema.

"Itachukua muda."

"Nimesikia."

Bwana Sanda aliinuka kuaga. Kwa mazoea aliishika fremu pande zote mbili, akaanza kuigeuzia ukuta isiingie vumbi.

"Usimgeuze," Mkasi alisema. "Mwache atazame mlango."