Kibati Kilichobaki Mgodini

“Usishuke,” sauti ilisema sikioni mwake. “Sindano, unanisikia? Usishuke. Mnunuzi amekutam—”

Mlango wa kizimba ukafungwa kwa kishindo. Lifti ikaanza kuzama, mwamba ukapanda pande zote, na sauti ya Mkuu ikakatika.

Sindano aligusa kidude kilichofichwa sikioni kana kwamba anaweka hereni sawa.

Kimya.

Amekutambua. Neno lilikuwa hilo, na halikuhitaji kumaliziwa. Lakini mnunuzi ni yupi? Kizimba kilijaa watalii waliovaa kofia ngumu za njano, wamebanana bega kwa bega, na kila mmoja angeweza kuwa yeye.

“Usiniegemee, mwanangu,” alisema mwanamke mzee aliyekuwa kando yake. “Lifti yenyewe inalia kama mlango wa choo.”

Huyo alikuwa mama mkwe wake.

Jasusi anayejiheshimu haendi kazini na mama mkwe. Sindano alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini nyumbani aliaminika kuwa muuza majokofu ya maabara, na muuza majokofu akialikwa kwenye kongamano la wataalamu wa majokofu, hana sababu ya kukataa kusindikizwa. Mama alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Alikuwa na mkono wa birika, na hakuona haya kuwa nao.

“Chumba kina vitanda viwili,” alisema siku barua ya mwaliko ilipofika. “Wewe unalalia kimoja. Cha pili kinalala nani, shetani?”

Basi safari akaipanga yeye. Basi la abiria badala ya ndege. Chakula cha mchana ni mikate inayobaki kwenye meza ya kifungua kinywa, ikifungwa kwa karatasi na kutiwa mkobani. Asubuhi mkwe asikilize mihadhara, alasiri watembee waone mji, mradi pawe mahali ambapo mwenye beji ya kongamano haingii kwa fedha. Bustani waliimaliza juzi. Jana walizunguka mnara wa saa mpaka mlinzi akawazoea. Leo ilikuwa zamu ya mgodi wa chumvi wa zamani, uliogeuzwa makumbusho.

Hata hivyo ubahili ulikuwa nusu tu ya habari. Nusu nyingine Mama aliitamka waziwazi ndani ya basi, huku akimenya yai.

“Mikutano yako imezidi. Mke wa mtu hasafiri kila mara kwa ajili ya friji. Kama kuna mwanamume huko, nitamwona kwa macho yangu, na mwanangu ataambiwa.”

Sindano aligeukia dirishani. Alimpenda mume wake. Kila uongo aliomwambia ulimsumbua kwa siku nyingi, na huu wa majokofu ndio uliokuwa mrefu kuliko wote.

Kizimba kikatua.

*

Chini kulikuwa na baridi, taa hafifu, na kuta nyeupe zilizong'aa kwa unyevu. Mwongoza wageni, mchimbaji wa zamani mwenye kikohozi kikavu, aliwatangulia akiinua fimbo yake juu.

Sindano alimtafuta Daktari. Hakupata tabu, kwani Daktari alikuwa akitokwa na jasho katika ubaridi ule.

Yeye ndiye aliyekuwa kazi yenyewe. Mtafiti mwenye jina, ametoa mhadhara asubuhi na kupigiwa makofi. Maabara yake ilikuwa imepotelewa na kichupa kimoja kidogo kuliko kidole. Ndani yake kuna vimelea vya ugonjwa unaoanzia kwa ng'ombe na kuishia kwa wachungaji. Kichupa hicho sasa kilikuwa kimezungushiwa barafu ndani ya chupa ya chuma ya bluu, ile inayotunza ubaridi, ambayo kila mshiriki wa kongamano alipewa zawadi. Hata Mama alikuwa nayo. Alikuwa amechukua ya mkwe wake akaijaza maji ya bombani yaliyochemshwa, kwa sababu maji ya dukani aliyaita wizi wa mchana.

Amri ilikuwa rahisi. Mwone mnunuzi akipokea chupa. Mwarifu Dereva, anayesubiri nje ya lango. Mkamateni kabla hajaingia barabara kuu.

Dereva peke yake. Mkuu alikata bajeti, akaondoa watu, akakodi Toyota Vitz. Na Glock ya Sindano ilikuwa ndani ya Vitz hiyo, chini ya kiti, kwa kuwa Mama alikuwa na tabia ya kupanga upya mkoba wa mkwe wake kila asubuhi.

Hana silaha. Hana mawasiliano. Juu ya kichwa chake kuna mlima.

Wageni walipokusanyika kupiga picha mbele ya sanamu ya chumvi, waliweka mizigo yao kwenye benchi. Daktari aliweka chupa yake ya bluu. Mwanamume mwenye koti la ngozi akaweka ya kwake kando. Picha ikapigwa. Mwenye koti akarudi na kuchukua chupa isiyo yake.

Ndiye.

Sindano aliinamisha kichwa haraka akajifanya anafunga kamba za kiatu. Viatu vya ngozi nyeusi vikasimama mbele yake.

“Unauza majokofu, sivyo?” mwenye koti alisema kwa sauti ya chini. “Nina picha yako, dada. Umenenepa kidogo.”

Sindano akainuka. Koti likafunguka kiasi cha kuonyesha mpini wa bastola, kisha likafungwa.

“Mimi napanda na kizimba cha kwanza,” akaendelea. “Na yule bibi yako napanda naye, kistaarabu kabisa, nimemshika mkono. Wewe utapanda cha mwisho. Nikiona mtu ananifuata kabla sijafika kwenye gari langu, bibi ataumia. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

Sindano akayumba. Akamwangukia kifuani kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu, mikono yake ikashika koti ili asianguke. Mwenye koti akamsukuma kwa dharau.

Idara nzima ilimwita Sindano kwa sababu vidole vyake huingia na kutoka, na mtu hujua baadaye. Ndani ya kiganja chake sasa kulikuwa na kibati cha shaba chenye namba.

Bastola hakuweza kuifikia. Kibati, ndiyo.

Kabla ya kushuka, mwongoza wageni alikuwa amewapa vibati hivyo kutoka ubaoni, kimoja kwa kila mtu. Huo ulikuwa utaratibu wa mgodi tangu enzi za wachimbaji. Anayepanda anakirudisha kwenye msumari wake. Aliyepanda asipokirudisha, inahesabiwa kuna mtu amebaki chini: king'ora kinalia, lango la nje linafungwa, na hakuna anayetoka, awe nani. Dereva angekisikia king'ora hicho hata akiwa amelala.

Ulikuwa mpango mzuri. Sindano aliuamini kwa muda wa pumzi moja.

“Na yule ni nani?”

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, miwani imeteremka puani. Alikuwa ameona yote: mwanamume mtanashati, kona yenye giza, minong'ono, na mkwe wake kifuani pa mtu.

“Mshiriki mwenzangu, Mama.”

“Mshiriki,” Mama alisema. “Haya.”

Akamwendea mwenye koti moja kwa moja na kumpachika mkono wake kwapani.

“Kijana, nisaidie kupanda. Mimi na wewe tuna maneno.”

“Kwa furaha, Mama yangu,” alijibu mwenye koti, na akacheka kweli, maana hakutegemea mateka ajilete mwenyewe.

“Mama, tungoje tupande pamoja,” Sindano alisema.

“Wewe ngoja hapo hapo. Tutaonana juu.”

Mlango wa kizimba ukafungwa. Kitu cha mwisho ambacho Sindano alikiona ni mgongo wa Mama, umenyooka, na ule mkono wa koti la ngozi ulioushika mkono wake.

*

Akageukia Daktari. Hapakuwa na haja ya maneno mengi. Akamkalisha kwenye benchi, akavua utepe wa beji ya kongamano shingoni mwake, na kumfunga nao vidole gumba kwa nyuma.

“Sikutaka,” Daktari alilia. “Walinitisha.”

“Utawaeleza watakaokuuliza.”

Juu kabisa, mbali, king'ora kikaanza kulia.

Sindano akakimbilia kwenye mlango wa kizimba na kubonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Waya mnene wa lifti ulining'inia bila kutikisika.

“Haiji hiyo,” mwongoza wageni alisema.

“Kwa nini?”

“Si niliwaeleza? Kibati kikikosekana, lifti inasimama mpaka mkuu wa mgodi aje na ufunguo. Zamani mwenzetu alikuwa akipanda kwa ngazi, kizimba kikamshukia. Tangu siku hiyo, king'ora kikilia haisogei.”

Alikuwa amewaeleza, ndiyo. Ila wakati huo Mama alikuwa akimvuta Sindano mkono, anataka amuulize yule mzee kama kupiga picha kunalipiwa. Nusu ya kwanza ya utaratibu aliisikia. Ya pili ilimpita.

Amemfungia adui juu. Amejifungia mwenyewe chini. Na Mama yuko pamoja na adui.

Hii ilikuwa hofu ya kweli, ambayo hakuwahi kuipata mbele ya risasi. Angemwambia nini mume wake? Kwamba mama yake aliuawa kwenye makumbusho, kwenye safari ya friji?

“Hiyo ngazi bado ipo?”

“Ipo. Lakini dada, hakuna mgeni ambaye—”

Alikuwa ameshaanza kupanda.

Ngazi ilibanwa kati ya mwamba na reli ya kizimba, nyembamba kiasi kwamba mabega yalikwaruza pande zote. Chuma kilikuwa na chumvi, kikamchana viganja. Kofia iligonga. Pumzi ikamrudia usoni. Kila alipotazama juu, mwanga ulikuwa ule ule, mdogo, hausogei. Akaacha kutazama. Alihesabu mikono yake tu: huu, na huu, na huu. King'ora kilijaa ndani ya shimo mpaka akakisikia kwenye meno.

Kisha kikanyamaza, na sauti ya mtu ikasikika badala yake.

“Umekipoteza? Mtu mzima na ndevu zako?”

Mama!

Sindano akainua kidogo tu mfuniko wa chuma uliofunika tundu la ngazi. Aliona chumba cha ubao wa vibati, watalii wamerudi ukutani, na mlinzi mmoja aliyesimama mbele ya mlango na rungu lake. Katikati alikuwepo mwenye koti, ametota jasho. Na mbele yake Mama.

“Nimesema sina! Fungua lango!”

“Utaratibu, bosi,” mlinzi alisema. “Bila kibati hakuna kutoka.”

“Wasichana wangu walikuwa wakisema hivyo hivyo, ‘sina, Matroni, sina’,” Mama alisema. “Nikiwapekua, wanacho. Inua mikono, kijana. Halafu utanieleza unachomnong'oneza mke wa mwanangu gizani.”

Akaingiza mkono ndani ya koti.

Mkono ukasimama. Uso wa Mama ukabadilika polepole. Alikuwa amekigusa kitu, na hakikuwa kibati.

Mwenye koti akachomoa bastola.

Alikuwa mwepesi. Lakini Mama alikuwa amekaa miaka yake yote na mabinti wenye ukaidi, na chupa yake ya bluu ilikuwa imejaa maji mpaka shingoni. Aliishusha kwenye kifundo cha ule mkono kwa nguvu zake zote. Bastola ikaruka. Mfuniko wa chuma ukafunguka kwa kishindo, na Sindano akatoka ardhini, mweupe kwa chumvi, kofia ngumu mkononi.

Pigo moja. Nyuma ya sikio.

Mwenye koti akaanguka kifudifudi, amezimia.

Chupa mbili za bluu zikabingirika sakafuni, zikagongana, zikasimama.

“Jamani, koo langu,” Mama alisema akihema. Akainama, akaokota moja, akaanza kufungua kifuniko.

“Mama, usifungue!”

Ilikuwa sauti ya amri. Chumba kizima kiliganda. Hakuna mtu aliyewahi kumkemea Mama namna ile, na mkwe ndiye wa mwisho aliyetazamiwa.

Mama akaitikisa chupa kidogo. Ndani barafu ikagonga. Maji yake hayakuwa na barafu.

Akaishusha mezani taratibu, kwa mikono miwili. Akamtazama yule mtu sakafuni. Akaitazama bastola. Akavitazama viganja vya mkwe wake vilivyochanika.

“Friji,” alisema.

“Friji, Mama,” Sindano alijibu.

*

Dereva aliuruka ukuta na kuingia akiwa na pingu. Mkuu wa mgodi akaja na ufunguo. Chupa ikaondoka ndani ya sanduku, Daktari akapandishwa akiwa analia, na sikioni sauti ya Mkuu ikarudi ikiuliza, “Sindano? Hali?”

“Mzigo tunao. Na wawili.”

“Safi. Rudi leo. Chumba hakijalipiwa usiku mmoja zaidi.”

Alivua kidude cha sikioni na kukitia mfukoni. Kisha akatoa kibati cha mwenye koti na kukitundika kwenye msumari wake, akatundika na cha kwake. Mlinzi alivitazama vyote viwili, akamtazama na yeye, akaenda kufungua. Lango la nje likafunguka.

Simu ya Mama ilikuwa ikiita. Nokia ya vitufe, mlio wake ungeamsha mtaa. Mama akatazama jina, akapokea, na Sindano akahisi moyo unamwenda mbio kuliko kwenye ngazi.

“Naam, baba... Tupo salama... Nani, mkeo?”

Mama aliinua macho. Alikuwa akimwangalia mkwe wake moja kwa moja machoni.

“Sikiliza. Ni kongamano la friji. Watu wanaongea friji asubuhi mpaka jioni, nimechoka mimi. Mkeo ni mchapakazi, na kuanzia leo ukimuuliza tena habari za safari zake, tutagombana mimi na wewe... Haya, salimia watoto.”

Akaifunga simu.

Machozi yalimlenga Sindano, akavaa miwani ya jua haraka. Wakatoka langoni pamoja, wakipita kando ya Vitz bila kugeuka, Mama ameushika mkono wake kwa ule upande usiochanika sana.

Walitembea mpaka kituo cha basi.

“Kongamano lijalo ni lini?” Mama aliuliza.

“Mama...”

“Nimeuliza. Na chumba kitakuwa na vitanda viwili?”

Sindano akacheka, kwa mara ya kwanza tangu safari ianze.

“Viwili, Mama.”