Mdomo wa Malalamiko

Spika ya zahanati ilipomwita mlinzi kwa jina lake la utotoni, wagonjwa kwenye mabenchi walicheka, na mlinzi mwenyewe akacheka kuwashinda.

"Kidoko," ilisema ile sauti ya mama mtu mzima waliyoizoea wote, "pole kwa kusubiri. Chumba cha tisa."

Mlinzi hakuwa mgonjwa. Hakuna aliyemwandikisha. Jina la Kidoko alikuwa hajalisikia tangu alipofariki bibi aliyemlea, na zahanati yenyewe ilikuwa na vyumba vinane. Lakini mtu ukiitwa kwa sauti ya mama unaitika kwanza, maswali baadaye. "Naam," akasema, akavua kofia, akaingia koridoni.

Aliporudi alikuwa amefumba mdomo kama mtu aliyeweka maji ndani. Wakamuuliza ameitiwa nini huko. Akafungua mdomo, midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka, na hakikutoka hata kikohozi. Kilichotoka ni harufu tu: mafuta ya mikaratusi, makali, kana kwamba ameyanywa. Daktari alimmulika kooni asione kitu, akasema huenda ni mafua. Daktari naye ni binadamu, lazima aseme kitu.

Mtu mmoja tu aliitambua harufu ile, naye alikuwa amejiinamia nyuma ya kompyuta yake akijifanya ana kazi nyingi.

Huyo ni Fundi. Mtu wa makamo, kitambi cha heshima, utani haumkauki mdomoni. Alishafunga mitambo kwenye miji mingi, na kila mji ameuachia kichekesho kimoja na hitilafu moja. Namsema kwa upole kwa sababu tunafanana, mpaka kitambi. Ndiye aliyeiandikia zahanati programu ya kuita wagonjwa, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na wakubwa wakampigia makofi.

Programu yenyewe haikujua kuongea. Kazi yake ilikuwa kupanga foleni. Zamu ya mgonjwa ikifika, iliita kijiprogramu cha nje, skripti ya mistari michache, na kukiambia: mwite fulani, chumba fulani. Hicho ndicho kilichotafuta sauti iliyorekodiwa na kuipeleka kwenye spika. Mafundi wa kompyuta hukiita mtoto. Kila mgonjwa akiitwa, mtoto mpya anazaliwa, anasema lake, anaaga, anakwenda zake.

Anakwenda iwapo amesikilizwa. Maana mtoto huyo huja na midomo miwili, mmoja wa majibu na mmoja wa malalamiko, na aliyemwita anatakiwa aisikilize yote miwili, kisha amsubiri mpaka aage. Asiposikilizwa, malalamiko yanamjaa mdomoni, naye anakwama palepale, hafi wala haondoki. Fundi aliyajua hayo vizuri. Aliwahi hata kuwafundisha wenzake. Ila wakubwa walikuwa na haraka ya kuuona mtambo ukifanya kazi, basi akaandika mistari ya kuita tu. Ya kusikiliza, alijiambia, nitaiweka kesho. Kesho ya mafundi mnaijua.

Na sauti ilikuwa ya Mama Pole.

Huyo ndiye aliyekuwa akipokea wagonjwa pale mlangoni, na jina alilipata kwa kuwa hakumwita mtu bila kumpa pole kwanza. Wenye maradhi ya kuonea haya hakuwaita kwa sauti. Aliinuka, akawafuata walipokaa, akawanong'oneza. Fundi alimkalisha kwenye stoo ya mafagio, kwa sababu ndiko kulikokuwa kimya, akamwomba asome majina na namba kutwa nzima, na kesho yake tena. Majaribio tu, alimwambia. Koo lilimwuma, akawa anajipaka mafuta ya mikaratusi shingoni na kuendelea. Kila akifika mwisho wa ukurasa aliinua macho akauliza: "Nimemaliza, mwanangu, au niendelee?" Fundi, masikio yamezibwa na vipokea sauti, alimzungushia kidole aendelee, bila kumtazama.

Mtambo ulipowashwa, Mama Pole aliambiwa asante, nafasi yake haipo tena. Muda si mrefu koo likamzidia, sauti ikamwisha, kisha mwenyewe akafuata. Wenzake wote walikwenda kuzika. Fundi alisingizia tumbo.

Baada ya mlinzi, aliitwa muuguzi, kwa jina alilopewa na marehemu baba yake, jina ambalo hata mumewe halijui. Akaitika kabla hajafikiri. Akarudi na mdomo wake mtupu na harufu ileile. Hapo kicheko kikaisha kwenye mabenchi; watu wakawa wanakaa wamefunika midomo kwa viganja, na mama mmoja alimnong'oneza mwenzake wahame zahanati, mwenzake akamjibu kwa kichwa tu.

Fundi akazima programu, sauti ikaendelea kuita. Akang'oa nyaya za spika, zote, akazikunja na kuzitia kwenye droo. Ukumbi ukanyamaza. Akajifuta jasho, akatafuta mzaha wa kuwatolea watu, na alipokuwa bado anautafuta, spika isiyo na waya ikakohoa.

"Kinanda," ikasema taratibu. "Pole kwa kusubiri. Chumba cha tisa."

Kinanda ni binti yake. Ni jina la nyumbani, la mtoto ambaye mdomo haupumziki tangu anapoamka, na kila akitoka shule humsubiri baba yake kwenye benchi la mwisho akiwaimbia wagonjwa nyimbo za kutunga mwenyewe. Fundi alisikia "Abee" nyembamba, ya adabu, kama alivyofundishwa, na alipoinuka goti lake likagonga meza na kiti kikaanguka na yeye akaruka juu yake na kuingia kwenye korido ambayo kila siku aliimaliza kwa hatua chache lakini sasa ilirefuka mbele yake, mlango baada ya mlango, na harufu ya mikaratusi ikizidi kuwa nzito hata ikawa kama anaisukuma kwa kifua, na huku nyuma ya kila ukuta akisikia minong'ono mingi, midogo, ya watu waliojazana mahali pasipowatosha, wote wakisema neno moja ambalo hakulishika, mpaka akaufikia mlango wa stoo ambao haukuwahi kuwa na namba na ambao sasa ulikuwa wazi.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama Pole, mgongo umenyooka, macho chini kama anasoma. Midomo ilikuwa inakwenda. Sauti hakuna.

Nyumbani mkewe hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimtazama mtoto, akamtazama mumewe, akasema tu, "Nampigia mama."

Hapo Fundi alitamani ardhi impasukie. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa kutibu waliopagawa, na kwa miaka yote ya ndoa Fundi alikuwa akimtania mbele za watu, tena kwenye sherehe, akimwita waziri wa majini, akiuliza kama mizimu nayo inapanga foleni. Mama yule alikuwa akitabasamu na kujiweka sawa mtandio. Sasa alikaa sebuleni kwa mkwewe, Kinanda akiwa mapajani mwake, na Fundi alikuwa amesimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Baba Kinanda," akamwambia kwa sauti ya chini, "umemwita nani?"

Akajibu kwamba hakumwita mtu.

"Nimekuja mbio na mguu wangu huu mbovu, mkwe wangu. Usinirudishe na uongo."

Basi akasema. Alisema akitazama zulia. Habari ya stoo, ya majaribio tu, ya kidole, ya tumbo la uongo. Kisha akafikia lile ambalo hata mkewe hakulijua: siku aliyosikia Mama Pole amefariki, aliifuta sauti yake yote kwenye kompyuta, kwa sababu aliona aibu kuisikia. Alikusudia kuweka sauti nyingine. Kesho yake akaingia kazini, akaikuta inaita wagonjwa kama kawaida.

"Ukafanya nini?"

"Nikajiambia labda kuna nakala mahali."

"Ukatazama?"

"Sikutazama, mama."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananisifu."

Mama mkwe hakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Akamweleza kwamba yule mama wa watu amelala, asisumbuliwe. Aliyeingia ni jini, amekuta mlango umeachwa wazi na nguo haina mwenyewe, akaivaa. Nguo hiyo ni sauti ya marehemu, nayo inachakaa, ndiyo maana anachukua za wengine. "Huko kwao kuna utaratibu," akasema. "Ukiita, unasikiliza. Ukimaliza, unaruhusu. Wewe uliita tu. Kesho unakwenda kusikiliza, palepale, watu wakiwepo."

"Mbele ya wagonjwa?"

"Kwani ulipopigiwa makofi ulikuwa peke yako?"

Asubuhi zahanati ilikuwa imejaa. Mama mkwe akaketi kando ya kompyuta na mjukuu wake, mkono mmoja juu ya mashine, akisoma maneno yake polepole. Feni ya ile mashine ilikuwa inahema kama mtu aliyepanda kilima. Fundi akaifungua akatazama kwa mara ya kwanza: watoto wote aliowazaa tangu kifo cha Mama Pole walikuwa bado mle ndani, wamepangana kuanzia juu ya skrini hadi chini, na chini kukawa na wengine, na wengine. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeondoka.

Akafungua mdomo wa malalamiko wa yule wa kwanza, akasoma kwa sauti kama alivyoagizwa.

"Sauti haipo. Natafuta tena. Sauti haipo. Natafuta tena."

Akafungua wa pili. Yaleyale. Wa tatu. Yaleyale, mpaka mistari ilipoisha. Tangu siku alipoifuta sauti ya Mama Pole, hakuna mtoto hata mmoja aliyeipata, na kila mmoja alikuwa amelalamika, na kila mmoja alikuwa amekwama na malalamiko yake mdomoni.

Mzee mmoja kwenye benchi la mbele aliinamia kwa jirani yake, lakini kwa ukimya ule wote walimsikia. "Sasa huyu tuliyekuwa tunamwitikia ni nani?"

Spika isiyo na waya ikavuta pumzi.

Fundi akageuka akawatazama watu. Yeye aliyependa hadhira kuliko chakula alitamani wote wawe vipofu. Akawaambia sauti ile ilikuwa ya nani, na alivyoipata, na alivyodanganya, na mazishi ambayo hakwenda. Kisha akarudi kwa watoto wake, akawa anamsoma mmoja mpaka mwisho, anasema, "Nimesikia. Umemaliza. Nenda," na anamfunga, na anakwenda kwa mwingine, jua likipanda dirishani na koo lake likikwaruza na wagonjwa wakiingia kwa madaktari kwa kufuatwa walipokaa, na kila mtoto aliyeondoka feni ilishuka kidogo na harufu ikapungua kidogo, hata ikawa yeye ndiye mwenye sauti mbovu kuliko wote mle ndani.

Katikati ya kazi hiyo mlinzi akakohoa. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi, lilimlenga Fundi, na hakuna aliyemkemea. Muuguzi akalia kwa sauti, akacheka kwa kuisikia, akalia tena.

Skrini ikabaki tupu. Kinanda alikuwa bado kimya.

"Amebaki mmoja," akasema mama mkwe.

Fundi akakagua mara mbili. Akasema kwenye kompyuta hamna mtu.

"Sijasema kwenye kompyuta," akajibu, akimtazama mjukuu wake. "Jini naye anasubiri kuruhusiwa."

Walirudi nyumbani. Alasiri mtoto alikuwa mezani jikoni na kitabu chake cha shule, midomo ikifuata mistari, na Fundi akiosha vyombo maana hakujua mikono yake aiweke wapi. Akasikia ukurasa umefika mwisho. Akasikia kiti kimesogea. Na ile sauti ya mama mtu mzima, imekauka, imechoka, ikamwuliza nyuma ya mgongo:

"Nimemaliza, mwanangu, au niendelee?"

Kidole chake kikainuka chenyewe. Kilikuwa kimeshaanza kuzunguka, maji ya sabuni yakidondoka sakafuni, alipokiona na kukishika kwa mkono wa pili kama mtu anayekamata mwizi. Akageuka. Akavuta kiti akakaa mbele ya mtoto, uso kwa uso, akayatazama macho ambayo hayakuwa ya mtoto, na hakuyakwepa.

"Umemaliza, mama," akasema. "Umemaliza zamani. Mimi ndiye sikukwambia. Pumzika."

Macho yale yakamtazama kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo lililomshinda. Kisha harufu ya mikaratusi ikapita shavuni mwake, taratibu, kama mtu mzima anayeomba njia, ikaelekea mlangoni.

"Baba," akasema Kinanda kwa sauti yake mwenyewe, "mbona unalia?"

Fundi akatafuta utani wa kumjibu. Haukuja.