Pumzi ya Kabatini

Bunduki ilikuwa na joto. Alimohamed alidhani mkono umemdanganya, akaushika mtutu tena. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na bunduki ilikuwa imelala ndani ya buti la gari tangu mji wa jirani wa Markham, alikoinunua kwa mjane aitwaye Khatoon. Mjane alisema marehemu mumewe hakuwa ameifyatua kwa miaka. Lakini ilinuka baruti, kana kwamba imefyatuliwa sasa hivi.

Hakumwambia mkewe. Alikuwa na kibali, alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha, na baada ya shifti za kupakia mizigo kule Malton hakuwa na starehe nyingine. Akaifungia kabatini.

Jumamosi iliyofuata, kwenye uwanja wa klabu, risasi zake zote zilipita katikati ya shabaha. Wazungu wa klabu, ambao hata jina lake hawakulijua, wakampigia makofi.

"Mume wangu," mkewe Nuria alinong'ona siku chache baadaye, "mle kabatini kuna mtu anapumua."

"Ni hita."

"Hita haibani pumzi. Anavuta, anabana, kama wewe unapolenga. Akibana, na mimi yangu inakatika."

Alimohamed akacheka. Akaendelea kushinda mashindano, na Nuria akaendelea kukonda, maana sasa pumzi ile ilimfuata jikoni hadi bafuni, ikinuka baruti na nywele zilizoungua, ikivutwa taratibu nyuma ya shingo yake, ikibanwa, ikizidi kubanwa, mpaka mchana mmoja midomo yake ikageuka zambarau, mwiko ukamponyoka, akaanguka sakafuni bila hata kupiga kelele.

Alimohamed akairudisha bunduki Markham. Khatoon hakuutoa mnyororo mlangoni.

"Siipokei, mwanangu."

"Kwa hiyo ulijua, mama?"

"Nilijua. Ndiyo maana nilitafuta mtu nisiyemfahamu."

Akafunga mlango.

Ikabidi aitwe Shehe Jamaludin. Alimkalisha Nuria kwenye mkeka, akasoma mpaka shingo yake mwenyewe ikalowa jasho. Kinywa cha Nuria kikafunguka, ikatoka sauti nzito ya kiume.

"Nani amekuleta?" Shehe akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwenye nyumba. Siku ya kwanza uwanjani nilimnong'oneza: nitakupa shabaha, nipe pumzi ya nyumbani kwako. Alinisikia. Akanyamaza, akalenga."

Shehe akageuka. "Ni kweli?"

Alimohamed aliinamisha kichwa.

Shehe akasoma tena, safari hii kwa ukali, mpaka kioo cha dirisha kikapasuka na ile harufu ikatoka nje kwenye baridi. Kesho yake polisi waliichukua bunduki ikayeyushwe.

Nuria akapona. Alipoweza kusimama, alivaa koti, akapanda basi hadi Etobicoke kwa dada yake, ghorofa ya kumi na moja.

Siku moja dada yake alichungulia dirishani. "Shemeji yuko chini, na gari. Anasema jini limeshatoka. Bado unaliogopa?"

"Jini wala silichukii," Nuria akasema, akivuta pazia. "Lenyewe halikunioa."