Sita Iliyogeuka Tisa

Jumamosi ile ilianza vizuri. Theluji ilikuwa imekoma, watu wa mji wetu wa Le Locle, Uswisi, walikuwa wakisafisha vizingiti vyao, na Solange Perrenoud, fundi saa wa mtaa wetu, alikuwa akinywa kahawa yake ya pili, kioo chake cha kukuzia kikiwa bado jichoni. Mdogo wake Aurèle, mwenye duka la jibini lililopakana na lake ukuta kwa ukuta, alikuja kuegemea kaunta na kumchokoza, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Dada, hilo jicho lako la kioo litakuja kugandia usoni."

"Afadhali jicho langu. Wewe unanuka jibini mpaka mtaa wa pili."

"Ndiyo harufu ya mali hiyo, dada."

Walikuwa hivyo tangu utotoni. Wazazi wao walikufa mapema, Solange akamlea Aurèle kwa sindano na koleo lake dogo. Duniani hakuwa na mtu mwingine.

Mlango ukafunguka, akaingia kijana mwembamba. Mkono wa kushoto wa koti lake ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini. Aliweka saa juu ya kaunta, akaisukuma kwa ncha ya kidole kama anayesukuma kaa la moto.

"Bibi, ninunulie hii. Bei yoyote."

Ilikuwa saa ya dhahabu, ya kale, ya zile ambazo watu huziandika kwenye wosia. Aurèle akapiga mluzi.

"Na wewe, ndugu, kwa mkono mmoja ulikuwa unaifungaje?"

Kijana hakucheka. "Nilikuwa na miwili. Huu niliukata mwenyewe. Ulikuwa umeanza kupanda."

Wakadhani anasema ugonjwa. Solange akampa pole.

Sasa, hakuna fundi mwaminifu anayenunua saa ya namna hiyo kabla ya kuiuliza rejista. Mtu akiibiwa saa ya thamani huripoti namba yake huko, na namba hiyo hukaa ikimsubiri mwizi. Namba yenyewe huchongwa mgongoni mwa saa. Solange aliipindua kama alivyofundishwa: si kwa ubavu, bali kwa kuisukuma mbele, kama unavyogeuza chapati kikaangoni, ili kitufe cha pembeni kisikwaruzwe na meza. Ukipindua hivyo, maandishi ya nyuma hukaa kichwa chini, miguu juu. Fundi anajua. Huizungusha saa kwanza, ndipo asome.

Siku ile Aurèle alikuwa akimwigiza padri wao anavyopiga chafya, na Solange alikuwa akicheka. Hakuizungusha.

Namba nyingi zingemwonya, maana nne ikipinduka haisomeki, wala saba haisomeki. Hii ilisomeka vizuri kabisa. 6899. Akaiandika kwenye kompyuta. Rejista haikuwa na neno.

"Safi," alisema.

"Safi?" Kijana aliuliza. Akapokea fedha bila kuziangalia. "Basi msiivae," alinong'ona. Akatoka, akaubamiza mlango hata kuta zikatikisika.

Lakini Aurèle alikuwa ameshaivaa. Kibanio kililia, ta.

"Nitakulipa kwa jibini, dada," alisema, akaenda dukani kwake akitembea kama waziri.

Karibu na adhuhuri Solange alitoka kumwaga chumvi kizingitini ili barafu isiwaangushe wateja. Nyumba yao ilikuwa namba sita. Kishindo cha mlango kilikuwa kimeng'oa msumari wa juu wa kibao cha namba, nacho kikapinduka na kuning'inia kwa msumari wa chini. Sita ilikuwa imekuwa tisa.

Alisimama pale, konzi ya chumvi mkononi. Alikumbuka: ile saa hakuizungusha, namba aliisoma kichwa chini.

Alirudi ndani mbio. Vidole vyake vilikosea mara mbili kabla ya kuandika 6689. Safari hii rejista ilisema. Saa iliibwa Geneva. Mwenyewe, Lucien Falquet, alivamiwa mlangoni kwake. Kibanio kilikataa kufunguka, wezi wakatumia shoka. Alikufa kwenye ngazi, mkewe akisikia. Mkono wa kushoto haukupatikana.

Solange alipiga simu polisi, akaripoti saa ilipo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa bado ikimuuliza anwani aliposikia kitu ukutani, upande wa jibini.

Tok. Kisu juu ya ubao.

Kisha kimya. Kisha sauti ndogo, kama ya mtoto aliyejificha.

"Dada."

Alikimbilia duka la jibini, akaikuta kaunta imetapakaa maziwa na damu. Aurèle alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mkono wa kushoto umelazwa juu ya ubao wa kukatia, vidole vyeupe kama mishumaa. Mkono wa kulia ulikuwa umeinua kisu kikubwa cha jibini gumu. Juu ya kifundo, karibu na saa, palikuwa na mkato mmoja tayari. Ulikuwa umefunguka kama mdomo.

"Nimeshikwa," alinong'ona.

"Na nani?"

"Sijui. Ana mkono mmoja tu. Wa baridi."

Kisu kikashuka. Solange alijirusha, akaudaka mkono wa kulia, kisu kikachana nyama na kugonga ubao. Damu ikamrukia machoni. Mkono ukainuka tena naye akining'inia. Ukamtupa kwenye rafu. Jino likavunjika. Akarudi. Akamng'ata mdogo wake mkononi mpaka akahisi mfupa. Hakuachia.

"Si mimi, dada. Si mimi."

"Najua. Tulia."

Alitoa koleo kwenye aproni. Akakitafuta kwa kupapasa kijiti kinachoshika mkanda wa saa, maana damu ilikuwa imefunika kila kitu. Akakibana. Akakivuta. Mfupa wa Aurèle ulikuwa ukilia chini ya chuma kama kuni mbichi. Kijiti kikachomoka.

Saa ikaanguka sakafuni.

Na kisu nacho kikaanguka.

Juu ya ubao palikuwa na mkono. Umekatwa kifundoni, sawasawa, bila nyuzi za nyama. Vidole vilicheza kidogo, vikatulia.

Aurèle hakupiga kelele. Aliinua mikono yake na kuitazama. Ilikuwa miwili. Wa kulia una alama za meno, wa kushoto mzima. Hata ule mkato haukuwapo.

Wakaanza kucheka. Walicheka wakilia, wamekumbatiana, damu ikidondoka kwenye viatu vyao. Basi ule ubaoni ni wa yule marehemu. Amepata mkono wake. Yamekwisha.

Halafu Solange akautazama ule mkono vizuri. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu la mwezi mwandamo. Alilijua. Ndilo alilolifunga kwa kipande cha shuka siku Aurèle mdogo alipojikata kwa waya wa kukatia jibini.

Akaugeukia mkono wa kushoto wa mdogo wake. Haukuwa na kovu. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri, kama za bwana wa mjini. Kwenye kidole cha pete palikuwa na alama nyeupe ya pete. Aurèle hakuwahi kuoa.

Daktari hakuona jeraha kwenye mkono wa kushoto. Aliona mstari mwekundu tu kuzunguka kifundo, mwembamba kama uzi.

Mjane Falquet, aliyejulishwa na polisi, alikuja kuichukua saa kabla theluji haijayeyuka. Alikuwa mama mpole, mwenye skafu ya kijivu. Aurèle alipotoka nyuma kumsalimu, mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, ukamnyooshea ile skafu shingoni, taratibu, kama jambo la kila asubuhi. Aurèle aliudaka kwa mkono wa kulia na kuurudisha chini. Jasho lilikuwa likimtoka.

Mjane hakushtuka. Aliitia saa mkobani.

"Niliripoti vitu viwili, bibi," alimnong'oneza Solange. "Saa na mkono."

Akaenda zake.

Jioni ile Aurèle alivua shati. Ule mstari haukuwa tena kifundoni. Ulikuwa umevuka kiwiko, umefika karibu na bega.

"Unapanda, dada." Aliweka kisu mezani, mpini ukimwelekea Solange. "Nikate."

Solange alikishika kisu. Alimtazama mtoto aliyemlea. Akakirudisha kisu mezani.

"Kesho," alisema. "Nitakukata kesho."

Asubuhi alifungua duka mapema. Alikuwa amewasha jiko na kuchemsha maji, na shuka safi zilikuwa zimekunjwa kitini. Aurèle aliingia akiwa amechana nywele upande ambao hakuwahi kuchania. Kikombe cha kahawa alikishika kwa mkono wa kushoto.

"Habari za asubuhi, bibi," alisema kwa adabu, kama wanavyosema wageni. "Namba ya nyumba yenu imegeuka."

Solange alitoka kutazama. Tangu siku ile alikuwa amekirudisha kibao kwenye sita na kukigongomea misumari miwili mipya, na yote ilikuwa imekaza, haijaguswa.

Kilisomeka tisa.